Zimekataa Kufa

Seva ya maabara iliganda tena, na foleni ya wagonjwa ikafika getini. Majibu ya vipimo yalikuwa ndani ya mashine, wenye damu zao walikuwa nje, na katikati alikaa fundi wa kompyuta, anazipa programu zilizokwama amri ileile: ua, ua, ua.

"Zimekufa?" akauliza mkurugenzi wa hospitali, mume wa dada yake, aliyemsimamia mgongoni.

"Zimekataa, shemeji."

"Hapa kazini mimi ni mkurugenzi."

"Zimekataa, mkurugenzi."

"Basi ziue kwa nguvu!"

Programu iliyokwama hivyo haifi kwa nguvu wala kwa kubembelezwa. Imeingia ndani ya kiini cha Linux, mfumo unaoendesha seva, kuomba kitu, haijajibiwa, na mpaka ijibiwe, amri ya kufa inabisha hodi bila kufunguliwa. Fundi alimweleza hayo taratibu. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, mara nyingi mno kwa mtu aliyeelewa.

"Zima, washa. Na ikiganda tena, mkataba wako unaisha Ijumaa na siongezi. Usimtume dada yako aje kunililia."

Akaenda zake ofisini. Fundi hakuzima. Juma lililopita alizima, ushahidi wote ukafutika, ikabaki sura yake tu ya kulaumiwa.

Akaomba orodha ya programu zilizokwama. Ile amri ya kuorodhesha nayo ikaganda! Fundi akacheka peke yake. Kumbe anayekuja kuchungulia ananasa papo hapo, kama madereva wanaopunguza mwendo kutazama ajali hadi barabara nzima ikafungana.

Sasa nani alichungulia wa kwanza? Akakiamuru kiini chenyewe kitaje kila programu imesimama wapi. Maandishi yakamwagika, akayahifadhi kwenye mashine nyingine. Programu ya maabara ilishika kufuli moja la ndani ya kiini ikingoja la pili. Mwenzake alishika la pili akingoja la kwanza. Kosa lilikuwa la walioandika kiini, na toleo jipya lilikwisha kulirekebisha. Ila huyo mwenzake aliitwa Jicho.

Jicho! Fahari ya mkurugenzi, programu aliyoichagua mwenyewe bila kumuuliza mtu, ili aione seva "inavyopumua" kwenye skrini ukutani kwake. Fundi akamfuata mkurugenzi ofisini. Akamkuta anabofya, anabofya.

"Shemeji, acha kubofya."

"Nafuatilia hali!"

"Unaizalisha. Kila ukibofya, programu nyingine inakwama."

Akamwekea maandishi mezani, kidole juu ya jina la Jicho. Mkurugenzi akasoma, akarudia, akaondoa mkono kwenye kipanya kama kimemuunguza.

"Dada yako ameliona hili?"

"Bado. Wiki ijayo sitakuwa na kazi, nitapata nafasi ya kumsimulia vizuri. Unajua anavyopenda kucheka."

Mkurugenzi alijua. Mkewe huwa anamcheka mbele ya wageni.

"Na hilo toleo jipya," akasema, sauti imeshuka, "anaweka nani?"

"Yeyote mwenye mkataba, shemeji."

Safari hii hakumkosoa. Akavuta droo, akaanza kutafuta kalamu kwa haraka ambayo wale wa kwenye foleni hawajawahi kuiona hospitalini humo.