Kivinjari Kisichofungwa

Fundi alikuwa bingwa wa kugombeza. Alimgombeza mwanawe kwa kuchelewa, akamgombeza binti yake kwa kicheko cha kupasua vioo, akaligombeza na geti kwa kulia likifunguliwa. Miaka yote aliyopiga magoti kutandika vigae kwenye sakafu za watu ilimfundisha kuona kilichopinda kabla ya kuona kilichonyooka, na akishakiona hakimezi. Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuwahi kuuonja ulimi wake, naye ni mke wa mwanawe, ambaye nyumba nzima ilimwita Mkwe.

Mkwe akipika mchuzi uliojaa chumvi, Fundi husema, "Umekolea, mkwe wangu," kisha hunywa maji jagi zima. Mkwe akirudisha gari nyuma akagonga pipa la taka, Fundi husema pipa ndilo lililokaa vibaya. Mashoga zake walimwonea wivu, na yeye aliwaonea wivu wanaogombezwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; Mkwe alikuwa na mwaka wa tatu katika ndoa na jembe hajaliona hata mpini. Kila "vizuri sana, mkwe wangu" ilimrudisha sebuleni na kumkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Mwambie baba yako na mimi anigombeze," alimwambia mumewe siku moja.

"Nikuuzie zamu zangu?" mumewe akajibu. "Chukua za wiki nzima."

Kazi ya Mkwe ilikuwa kuandika programu za kompyuta, na mwaka ule alikuwa na moja aliyoipenda kama mtoto wa kwanza. Ilikuwa lugha ya kuiamuru kompyuta, ya kufundishia watoto, yenye maneno ya kila siku: nenda, geuka, rudia. Ukiandika "rudia mara nne: nenda kumi, geuka kulia", mraba unajichora mbele ya macho yako. Unaweza pia kuifundisha neno jipya la kwako, nalo likatumika kama yale ya mwanzo. Tena haikuhitaji mtaalamu wa kuja kuifunga kwenye mashine. Ilikuwa programu-jalizi, kijiprogramu kinachodandia ndani ya kivinjari, kilekile ambacho watu hufungulia mtandao wasome habari na kutafuta umbea. Penye kivinjari, lugha ipo. Na Jumatatu ilikuwa iende mashuleni.

Kabla ya hapo alihitajika mtu wa kuijaribu, asiyejua kompyuta, mwenye muda na jicho kali. Fundi alikuwa amestaafu baada ya magoti kugoma, na siku zilikuwa zinampita akiwa anahesabu nyufa za dari. Mkwe akamwekea programu-jalizi kwenye kompyuta mpakato ya zamani, akamwonyesha jinsi ya kuandika "nenda", akamwachia.

Mzee alinogewa. Kutwa kucha alikuwa na kompyuta. Alikwenda nayo jikoni, alikwenda nayo uani, waya wa chaji ukimfuata nyuma kama mkia. Akienda kuoga alimweka mtu wa kuilinda, naye alirudi kabla povu halijakauka masikioni. Umeme ukikatika alikimbilia kwa jirani mwenye jenereta akiwa ameishika wazi mikononi, kama aliyebeba sinia la chai.

"Baba amepata mtoto mwingine," alisema Wifi, yule binti wa kicheko. "Na huyu halali."

Mkwe alifurahi, ila kila alipouliza, "Baba, umeona kasoro yoyote?" jibu lilikuwa lilelile: "Iko vizuri sana, mkwe wangu." Kazini akaandika kwamba mjaribu hajaona kasoro. Moyoni hakuamini, kwa sababu hakuna kazi ya binadamu isiyo na kasoro, hasa ikikaguliwa na mtu anayegombana na geti. Lakini baba mkwe utambana vipi? Adabu upande huu, adabu upande ule, na katikati kasoro imekaa inakula na kunenepa.

Jumamosi asubuhi Mkwe alikuja na toleo la mwisho. Ili likubali, ilibidi kivinjari kifungwe na kufunguliwa tena. Fundi alikuwa sebuleni, kompyuta mapajani, na Wifi alikuwa anapiga pasi.

"Baba, nakuwekea toleo jipya. Nakifunga kivinjari mara moja tu."

"Leo Jumamosi, mama. Pumzika."

"Ni dakika moja, Baba."

"Hili lililopo linatosha. Mimi si mtu wa makuu."

"Jipya lina rangi nyingi zaidi."

"Rangi za nini, mkwe wangu, na macho yenyewe ndiyo haya?"

Mkwe akacheka, akaketi kando yake, akausogeza mshale hadi kwenye alama ya kufungia.

"Usiguse!"

Ile haikuwa sauti ya "mkwe wangu". Ilikuwa sauti ya kugombezea geti. Wifi alibaki na pasi hewani.

"Kuna nini, Baba?"

"Hakuna kitu. Iko vizuri." Fundi alijifuta jasho. "Si kwamba ina kasoro. Labda ni mimi sijui kuitumia. Ila ukiifunga, inasahau kidogo."

"Inasahau nini?"

"Kila kitu."

Akaeleza, macho kwenye zulia. Siku za mwanzo alichora sakafu nzima ya jikoni, akafunga, akaenda kulala. Asubuhi jikoni haikuwepo. Akadhani amekosea, akaichora upya, ikapotea tena. Tangu hapo hakukifunga kivinjari, wala hakuizima kompyuta.

Mkwe alijua kosa lilipo. Alisahau kuiamuru lugha yake ihifadhi kazi ya mtumiaji, na hakugundua kwa sababu yeye aliijaribu kwa mifano iliyokuja ndani yake, ambayo ilirudi kila mara. Akilini akawaona watoto Jumatatu, kengele imelia, wanafunga. Na Jumanne wanafungua, hamna kitu.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Umehangaikia kitu chako kwa moyo wote, halafu nikuambie kimeoza? Wewe ni mkwe."

Neno lile lilimchoma, na safari hii hakulimeza. "Ingekuwa kazi ya mwanao, ungemwambiaje?"

"Yule?" Fundi akanguruma. "Yule angenitambua."

"Basi nami nataka kukutambua."

Fundi akamtazama Mkwe, akamtazama Wifi. Wifi akaitikia kwa kichwa. Mzee akakohoa, akaanza polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu.

"Wewe. Akili yako ilikuwa wapi?" Alipoona paa halijaanguka, akaongeza mwendo. "Unajengaje nyumba isiyo na stoo? Nimelilea hili dude kama mgonjwa. Sijaoga kwa raha tangu uniletee. Kwa kinyozi nimekwenda nalo, watu wananiuliza nasubiri simu ya nani. Na kitufe cha kufuta, nani kakutuma ukiweke ubavuni mwa kitufe cha kuanza? Na herufi kama mayai ya chawa. Na bluu yako hii si bluu. Na ule mchuzi..."

"Endelea, Baba."

"Ule mchuzi ni chumvi tupu. Miaka mitatu, mtoto wewe, figo zangu zinakushitaki kwa Mungu."

Wifi alipiga kigelegele. Mkwe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Hakukumbuka lini alifurahi vile.

"Sasa nionyeshe ulichokuwa unakilinda," alisema.

Fundi akageuza kioo. Ilikuwa sakafu ya nyumba yao, chumba kwa chumba, na kila kigae kilikuwa neno alilolifundisha mwenyewe. Neno lenye jina la mwanawe lilichora kigae kilichochelewa, safu imekwisha ndiyo kinafika. La Wifi lilichora kigae chekundu kilichofurika nje ya mipaka yake. Neno "mkwe" lilichora kigae cheupe, kimenyooka, hakina doa, nacho kilikuwa kimewekwa peke yake mlangoni, pale wageni wanapovulia viatu. Mkwe alikiona.

Alinakili yale maneno yote na kuyahifadhi mahali salama kwanza, kisha akafanya kazi palepale sebuleni hadi alasiri, Fundi amesimama begani kwake na hampi nafasi ya kupumua. "Kitufe hicho kisogeze. Hapana, umezidisha. Unanisikia au nasema na ukuta?" Herufi zikakua. Stoo ikajengwa.

Ulipofika wakati wa kujaribu, Fundi ndiye aliyekifunga kivinjari. Akakifungua. Sakafu ikarudi, chumba kwa chumba. Mzee akaivuta kompyuta kwake, akawageuzia mgongo, akawa anadonoa herufi mojamoja.

Alipowaonyesha, mlangoni palikuwa patupu. Kigae cha Mkwe kilikuwa kimehamia katikati ya nyumba, kati ya kile kinachochelewa na kile kinachofurika. Hakikuwa cheupe tena. Kilikuwa na ile bluu isiyo bluu, kona moja imemeguka, na juu yake zimemwagwa punje nyeupe za chumvi.

Mumewe alirudi jioni akamkuta macho mekundu. "Kuna nini?"

"Baba amenigombeza."

"Pole, mke wangu."

"Pole ya nini? Nimepewa jembe."

Fundi alikuwa tayari ameifunika kompyuta, akatundika taulo begani, akaenda kuoga bila haraka yoyote. Haukupita muda sauti yake ikatikisa mlango wa bafu.

"Nani aliyemaliza sabuni humu akaacha karatasi yake?"

"Ni mimi, Baba," Mkwe akajibu haraka kabla hajawahiwa na mtu, ingawa hakuwa yeye.