Sosi ya Jumapili

Chumba hicho kilikuwa bucha kabla hakijawa mgahawa. Mama Tambi aliposukuma mlango mara ya kwanza, harufu ya damu iliyokauka ilimpiga usoni, akarudi nyuma na kumkanyaga shemeji yake aliyekuwa amesimama na funguo.

"Harufu tu hiyo, shemeji," mwanamume akasema. "Harufu haiumi."

Mama Tambi hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alipewa na wenzake katika hoteli alikofanya kazi miaka mingi chini ya mpishi Mwitaliano, mzee wa makelele aliyemfundisha kukanda unga wa tambi kwa mayai, kuichemsha sosi ya nyanya taratibu mpaka mafuta yajitenge juu, na kumwaga bila huruma chochote kilicholala. Mzee aliporudi kwao, hoteli ikaanza kununua sosi ya makopo. Mama Tambi alijikaza kwa miezi michache, kisha akavua aproni. Alitaka mgahawa wake mwenyewe, wa Kiitaliano, wenye vitambaa safi mezani.

Shemeji, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa dalali wa nyumba. Alikuwa na chumba na alikuwa na mdomo. Walikubaliana: Mama Tambi jikoni, shemeji mezani.

Usafi ulikuwa kazi ya kufa mtu. Alipofunua mtaro chini ya sinki, alikuta mafuta yameganda kama uji wa kijivu, na ndani yake panya aliyeoza mpaka manyoya yakabaki mkononi. Alitapika kwenye ndoo ileile aliyokuwa akichotea. Kisha akafunga kitambaa puani, akarudi kupiga magoti. Alisugua kuta mpaka vigae vikatoa rangi yao ya kweli, ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Nje, fundi wa rangi aliambiwa achore ule mnara wa Italia ulioinama. Akauchora wima kabisa.

"Fundi, mnara huu huwa umeinama," Mama Tambi akamwambia.

"Mama, niuchore umeinama watu waseme mimi ndiye sijui kazi?"

Ukabaki wima. Watu wakaja hivyohivyo. Walikuja wauza simu wa duka la mbele, wauguzi waliotoka zamu, na mwalimu mstaafu aliyekata tambi kwa kisu vipande vifupivifupi. Kila Mama Tambi alipochungulia na kumwona na kisu chake, roho ilimuuma, lakini alimsamehe kwa sababu hakukosa Jumapili hata moja.

Jumapili alikuja pia Dada na watoto wake wawili. Siku hizo shemeji aliingia jikoni mwenyewe.

"Sosi ya watoto ipike mbali, shemeji. Kikaango kipya, nyanya mpya. Matumbo yao mepesi."

Mama Tambi alimwona ni baba mwema.

Jumapili moja mchana, mgahawa umejaa, alionja sosi ya sufuria kubwa, ulimi ukakataa. Ilikuwa na limau. Limau yeye hatii kwenye nyanya. Malimau yalikuwa mezani, kwa wanaokula samaki. Akamuuliza mwosha vyombo, mwanamke wa makamo, kama kuna mtu amegusa sufuria. Yule akainamisha uso kwenye povu, akaendelea kusugua sahani iliyokwisha kung'aa.

Akakoroga tena. Mwiko ukainuka na kitu kimenasa. Kijiti cha kuchokolea meno, ncha imetafunwa ikawa kama brashi.

Alikitazama mpaka mate yakamjaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. Alisema kwa sauti kwamba anafuata unga stoo, akaingia, akasimama nyuma ya pazia.

Shemeji akaja na sahani nne mkononi. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kwa mgongo wa uma akasukuma mabaki ya sosi ndani ya sufuria, sahani moja baada ya nyingine. Kipande cha nyama kilichokwisha kutafunwa akakitoa kwa vidole, akakitupa. Mkate uliomegwa akaurudisha kikapuni, upande ulioumwa ukielekea chini. Halafu akajifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, kwa uangalifu. Hakuvilamba.

"Shemeji, unafanya nini?"

Alishtuka, uma ukaanguka. "Lo, umenitoa roho! Wameacha nusu, shemeji. Hii si taka, ni chakula. Upande huu hata hawakuugusa."

"Tangu lini?"

"Usipandishe sauti, kuna wateja."

"Nakuuliza tangu lini!"

"Tangu nyanya ziadimike. Kwani haichemki? Moto unaua kila kitu."

Mama Tambi aliyakumbuka yale maneno ya kikaango kipya, nyanya mpya, na sasa yakawa na sura nyingine. Akachota bakuli la sosi, akaliweka mbele yake na kijiko.

"Kula."

"Nimeshiba."

"Kijiko kimoja tu. Ukimeza, mimi nanyamaza."

Shemeji alikitazama kile kijiko. Pua yake ikajikunja yenyewe kabla hajaizuia, kama mtu aliyepita karibu na choo. Akalisukuma bakuli.

"Usinidhalilishe," akasema.

Mama Tambi alizima jiko. Akaishika sufuria kwa matambara mawili, akaibeba ukumbini, akaitua juu ya kaunta. Watu wakageuka.

"Acheni kula," akasema. "Samahanini. Sosi hii ina mabaki ya sahani za watu. Yalikuwa yanarudishwa humu. Nimejua sasa hivi. Siku ngapi imekuwa hivyo, sijui."

Muuguzi mmoja akakimbilia chooni, na wote wakamsikia. Mwanamume mmoja alipiga sahani chini, akatoka akitukana. Mwalimu mstaafu alikuwa na uma mdomoni. Aliutoa taratibu, akatemea kwenye leso, akaikunja leso mara nne.

"Mke wangu nilimleta hapa wiki aliyotoka kufanyiwa upasuaji," akasema. "Nilimwambia ni mahali pasafi."

Mzee akachukua kofia yake, akaondoka.

Dada alikuwa amesimama, mashavu yamemwiva kwa aibu. "Ungeniita pembeni, mdogo wangu. Ni mume wangu huyo."

"Ningekuita pembeni, nao wangeendelea kula."

"Na wanangu je? Wanangu wamekula nini?"

"Wao wamekula vizuri, Dada. Kila Jumapili alihakikisha wanapikiwa mbali."

Dada alifungua mdomo kumtetea mumewe, ukabaki wazi. Mama Tambi aliiona ile habari ikimwingia. Dada akawashika watoto mikono, akapita katikati ya meza bila kumtazama mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akirudia, "Mambo yanakuzwa tu haya."

Kesho yake Mama Tambi alikwenda mwenyewe kwa bwana afya, na mgahawa ukafungwa. Mtaani watu walimwonyesha kidole. Wengine waliziba pua alipopita, ingawa ni yeye aliyesema. Kwa muda mrefu hakuweza kutia mdomoni kitu chochote chekundu. Si usiku bali mchana, alipokaa peke yake, alikihisi kile kijiti kwenye ulimi, akanawa kinywa kwa chumvi mpaka fizi zikawaka.

Mwishowe alianza tena, kibarazani kwa jirani fundi cherehani, meza tatu na jiko mbele ya macho ya watu. Wateja walikuwa wa kuhesabu. Mwalimu hakurudi.

Dada ndiye aliyekuja, asubuhi moja ya siku ya kazi, amebeba begi la nguo. Watoto walikuwa shule. Hakueleza begi ni la nini, na mdogo wake hakuuliza. Dada alilisukuma chini ya benchi, akanawa mikono hadi viwikoni, akajifunga khanga kiunoni.

"Haya," akasema. "Unga uko wapi?"