Tarehe Iliyoangukia Giza

Scola alipokuwa mdogo kule Ilagala, kila jioni alimtegea baba yake kitendawili kile kile: mgeni wetu akija, baba analala nyumbani, mgeni akiondoka, baba anakesha majini. Mzee Telesphory alijifanya hakijui. Alitaja paka, akataja mvua, akataja bwana afya, mwisho akamwambia mtoto achukue mji wa Ujiji. Scola akaula mji mzima, akashiba, ndipo akatoa jibu: mwezi. Maana dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, wavuvi hulala kwao. Giza likirudi, kijiji kizima huwa ziwani.

Mtoto huyo, aliyeyajua hayo kabla hajajua kusoma, ndiye aliyekuja kunyamaza siku ya kupanga tarehe ya harusi yake mwenyewe.

Kikao cha kwanza cha kamati kilikaa mjini, Buzebazeba, uani kwa Feliksi, mwalimu mkuu wa shule anayofundisha Bariki, mchumba wa Scola. Bariki kwao ni Arusha, na hakutaka kuanza ndoa na madeni, kwa hiyo walipanga kwa akili. Wakaondoa msafara wa magari, wakaondoa keki ya ghorofa, vitambaa vya mapambo wakasema vitaazimwa. Ikabaki habari ya ukumbi. Ukumbi ulikuwa na Jumamosi moja tu ya bei nafuu, mwanzoni mwa Septemba. Feliksi, ambaye ndiye mwenyekiti, akamgeukia Scola akauliza mzee wa Ilagala anasemaje.

Scola alishahesabu kichwani. Jumamosi ile ilikuwa katikati ya giza, tena giza la kwanza baada ya serikali kulifungua tena ziwa, watu wakiwa wamekaa miezi mitatu bila kuvua. Lakini pale uani walikaa walimu na maofisa, kila mmoja na kalenda yake kwenye simu. Akajiona akisimama mbele yao kusema kwamba kwao harusi hupangwa kwa kutazama mbinguni.

"Baba amekubali," akasema.

Baba hakuwa ameulizwa hata neno. Advansi ya ukumbi ikalipwa siku ile ile, nayo ilikuwa ya kutorudishwa.

Juma lililofuata akapeleka kadi nyumbani. Alimkuta baba yake mbele ya nyumba akiziba matundu ya wavu, akamwamkia. Mzee akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kuishika kadi. Akaisoma taratibu, vidole vikihesabu siku juu ya paja. Akasema ni kadi nzuri.

Aliyeuliza ni mama yake, Honorata. "Baba Scola, si hilo ni giza?"

"Ni giza."

"Basi upande wetu tutakaa mimi na wewe na viti."

Mzee akasema yeye atakwenda, mtumbwi utaenda bila yeye. Ila wajomba na majirani hawezi kuwazuia. Nyumba hizo zimekula unga wa kukopa tangu ziwa lifungwe, na mtu hawezi kuwaambia waliache giza hilo kwa ajili ya wali wa harusi. Aliyasema bila kinyongo, na hapo ndipo palipomchoma Scola. Kisha akamtazama.

"Ulisahau, mwanangu, au uliona aibu?"

"Nilisahau, baba."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole, vile vile alivyokuwa akijifanya hajui kitendawili.

Wakati wa kuondoka mama alimfungia dagaa wa mwisho waliobaki ndani, akasema ampelekee mwenyekiti, amshukuru. Scola alifika chumbani kwake mjini, akauweka mfuko nyuma ya mlango. Harufu yake aliiona kali mno kwa watu wa kamati.

Kikao cha pili kilikuwa cha chakula. Kila upande utaje watu wake, sahani zisizidi. Zamu yake ilipofika, Scola alisema watakuja wawili. Watu wakacheka. Restituta, mhazini, akamtania: "Umewagomea ndugu zako, au wamekugomea?"

Scola akasimama.

"Baba hakukubali, sikumwuliza. Siku hiyo ni giza, ukoo wangu wote utakuwa ziwani. Nilijua tangu mliponiuliza. Niliona aibu kuwaambia kwamba kwetu tunatazama mwezi."

Kicheko kikakatika. Restituta akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mzaliwa wa Ujiji, na hapo uani hakuna asiyekula dagaa. Kama lilikuwa neno la kumfariji, lilimshusha zaidi. Bariki alikuwa akitazama chini.

"Hata mimi, Scola?" akasema. "Mimi ungeniambia."

Kamati ikasogeza tarehe hadi mwezi ujae, advansi ikapotea, sherehe ikahamia uwanja wa parokia chini ya maturubai. Nyama ikapunguzwa. Bariki akasema ataomba likizo upya, akasema hivyo akimwambia mwenyekiti, si Scola.

Scola alirudi chumbani akapiga simu Ilagala.

"Baba, tarehe imebadilika. Mwezi utakuwa umejaa."

"Nani kaibadilisha?"

"Niliwaambia ukweli. Na baba, sikusahau."

"Najua. Hukuwahi kukisahau kile kitendawili chako." Akakohoa kidogo, akahamisha maneno, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. "Na mwenyekiti, dagaa aliwapenda?"

Scola akageuza macho nyuma ya mlango. Mfuko ulikuwa pale pale, fundo la mama yake halijafunguliwa.

"Bado sijawapeleka, baba," akasema, na simu ikiwa bado sikioni akainama akauokota.