Tranka la Sekela

TANGAZO
Waliochaguliwa kidato cha tano waripoti Jumatatu na: godoro, ndoo, jembe, tranka la chuma lenye kufuli. Atakayechelewa atapoteza nafasi.

1.
Mimi ni Sekela. Nina miaka kumi na saba na daraja la kwanza. Kwenye fomu nilijaza chuo cha ufundi, uchomeleaji, kazi ya baba. Kesho yake nikafuta. Nikajaza kidato cha tano.

Nilifuta kwa sababu ya viazi.

2.
Fundi akichomelea bila kinga, macho huwaka kama yametiwa mchanga. Kwetu Tukuyu dawa ni kiazi kibichi, kipande kimoja kila jicho. Nimekata viazi tangu darasa la tatu. Baba, chali kitandani: "Soma, mwanangu. Kazi hii inakula macho."

Wewe unayesoma hapa, ungejaza nini?

3. (majirani, uani)
"Binti wa Fundi Mwakalobo kafaulu!"
"Huyo daktari kabisa."
"Ila baba mtu mbona siku hizi anapapasa ukuta?"

4. (cheti cha baba, hospitali)
JICHO LA KULIA: haoni.
JICHO LA KUSHOTO: mwanga tu.
USHAURI: aache kuchomelea.

Aache.

5. (mama)
Tranka lile alilitengeneza wiki mbili, anachomelea kafumba macho, kama mafundi wa mtaani wanavyojidanganya kwamba inatosha. Nikamuuliza, baba Sekela, kinyago chako kiko wapi? "Kipo." Mbishi yule! Na mimi nikarudi jikoni. Najuta.

6.
Jumamosi. Nimefungua tranka. Bawaba moja haijachomelewa. Ndani kuna barua ya chuo cha ufundi: nafasi yangu, kuripoti Jumatatu ileile. Chini yake kinyago kidogo cha kuchomelea. Kioo chake cheusi nakijua, kina ufa pembeni. Kimetolewa kwenye kinyago cha baba.

Laiti ninge...

7.
"Baba, si ulinikataza?"
"Mwalimu aliniambia umejaza ufundi. Nililia kwa furaha, Sekela. Halafu majina yakatoka, wamekupeleka kwingine. Nikasema wamemwonea mwanangu. Nikaenda chuoni mwenyewe, nikakuombea nafasi."
"Na kioo?"
"Ningenunua kingine."

Sikumwambia nani alifuta.

8.
Jumapili, baada ya ibada. Bawaba bado inaning'inia. Mama ameweka godoro mlangoni, haulizi linaenda wapi. Nimevaa kinyago, mashine ya kuchomelea iko mbele yangu. Kimenienea.

Baba yuko kwenye benchi, amenielekezea sikio.

"Washa," anasema. "Nakusikiliza."