Njia ya Viboko

"Kanyaga, Baba Bertila! Hata kobe ametupita," Getruda alisema nyuma ya baiskeli. Mikono alikuwa ameifumbata mgongoni, asije mtu akasema amemsukuma mumewe.

Kasimiri alikanyaga. Mguu wa kulia ulifanya kazi ya miwili. Wa kushoto, uliovunjika alipoanguka mtini akirina asali, ulining'inia tu. Kijijini kwao, ng'ambo ya Ipole, desturi ilikuwa ngumu: siku msimu wa kurina unapofunguliwa, mwenye mizinga aende mwenyewe akauguse mti ilipotundikwa mizinga yake, bila kubebwa wala kusukumwa. Asipofika kabla jua halijazama, mizinga inakwenda kwa ndugu yake. Na ndugu yake alikuwa Hilari. Mwaka jana wazee walimvumilia Kasimiri kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Leo hawatamvumilia.

Kwa miguu asingefika. Lakini wanakijiji walikuwa wameifyeka njia ya viboko kando ya Mto Ugalla, wakalisawazisha tuta ambalo wanyama hao huliacha katikati, ili baiskeli za asali zipite.

Miaka yote alipita huku na mzigo kichwani, macho kwenye visigino vya aliyemtangulia. Leo, juu ya kiti, uso ulikuwa huru. Kona moja, na mto ukajitandaza mbele yake, mpana, umetulia, umebeba mbingu nzima. Yangeyange waliruka kwa pamoja kama shuka jeupe lililokung'utwa. Kiboko alipumua, na maji yakatetemeka hadi ukingoni.

Kasimiri akasimama.

"Mama Bertila, mto huu ulikuwa hapa siku zote?"

"Hapana. Serikali imeuleta jana. Twende, jua linashuka!"

Mbele kulikuwa na korongo, nalo ndilo lililomnyima usingizi. Kingo zake zilikuwa kali. Mtu wa mguu mmoja hapiti. Walipofika, Getruda akashika mdomo. Magogo mapya yalikuwa yamelazwa juu ya korongo, yakiwa yamefungwa kwa kamba za magome.

Kasimiri akainama. Kila fundo lilikuwa limekazwa kinyume. Katika warina asali wote, aliyefunga kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

"Hilari," alinong'ona.

"Mkewe aliniambia anashinda mtoni akivua," Getruda alisema. "Na samaki hatukuwaona."

Hilari walimkuta chini ya mti, amechuchumaa, akiharakisha kuvificha kwapani viganja vyake vyenye malengelenge.

"Shikamoo, kaka. Umechelewa. Nilishaanza kugawa asali yangu."

"Marahaba, mwizi wee."

Kasimiri akaiachia baiskeli ianguke, akarukaruka kwa mguu mmoja, akaweka kiganja juu ya gome. Mngurumo wa nyuki ulishuka ndani ya mti, ukaingia mkononi, ukapanda hadi begani. Juu yao nyuki walitoka mmoja mmoja, wakavuka mto, na kila mmoja, alipoufikia mwanga wa jua, aliwaka.