Dawa Iliyomponya Wakhungu

Wakhungu, fundi wa mawe kule Nyamasaria, alipona kidonda cha mguu baada ya kukubali kuingia kwenye majaribio ya dawa mpya. Muda si mrefu dada yake Nekoye, anayeuza viazi vitamu Sondu, akajikata mguu kwa jembe, na kidonda kikaoza. Akapiga simu. "Nitajie dawa iliyokuponya, ninunue."

Wakhungu akaenda kumuuliza Daktari Valarie, aliyemtibu.

"Hata mimi sijui, Mzee," daktari akasema. "Wengine walipewa mpya, wengine ya zamani. Vidonge vinafanana, na tunafichwa mpaka mwisho tusije tukapendelea."

"Mwisho ni lini?"

"Utafiti umesimamishwa. Wagonjwa hawakutosha. Wengi huja wakiwa tayari wamemeza dawa za dukani, na hao haturuhusiwi kuwachukua."

"Basi mimi niliponywa na nini?"

Daktari akafunga faili lake. "Bado hakuna anayeweza kukuambia; orodha ya nani alipewa dawa ipi haijafunguliwa. Mlete dada yako tupime usaha, tujue dawa gani itamfaa."

Nekoye alikuja kesho yake akichechemea. Daktari alipotoka na kichupa cha usaha, Nekoye alimnong'oneza kaka yake, "Huyu alikutibu na hajui alikupa nini?"

"Anajua. Yaani, alifichwa. Na waliomficha nao..." Wakhungu akapotea katikati ya maneno yake.

Nekoye alilazwa, akachomwa sindano, na kidonda kikaanza kukauka. Dawa yake ilikuwa na jina, limeandikwa kwenye kichupa. Wakhungu alilisoma mara mbili, asijue kama ndiyo iliyokuwa ndani ya vidonge vyake au siyo.