Mbuzi wa Nyumba Moja

Ukitaka kujua kwamba mwezi wa Mfunguo Tatu umeandama pale Grand Prairie, Texas, huna haja ya kutazama mbinguni. Tazama kucha za Maalim Abud. Aliyenuia kuchinja Idi Kubwa hakati nywele wala kucha tangu mwezi uandame mpaka mnyama wake achinjwe, na Maalim Abud hakuwa mtu wa kunuia nusu nusu. Ndevu zilimkaa shaghalabaghala, nywele zikamshukia masikioni, na kule ghalani anakoendesha mashine ya kubebea mizigo, msimamizi wake alishamuuliza kama kuna msiba nyumbani.

Msiba ulikuwapo, ila si wa kufa mtu. Mkewe, Bi Saumu, alikuwa ameubeba kifuani mwaka wa pili huu. Binti yao Salha, kifungua mimba, alikuwa Missouri City, pembeni mwa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, na jina lake halikutajwa tena mle ndani. Maalim, ambaye tangu Malindi watu walimwita Baba Salha, alitangaza siku moja kwamba yeye sasa ni Baba Twalib, kwa jina la mwanawe wa pili. Watu wakatii, maana kubishana na Maalim ni kujitafutia darsa la saa nzima.

Kisa kilikuwa posa. Parfait, kijana wa Kikongo anayeendesha malori, alisilimu kabla hata hajamtia Salha machoni. Anasali, hanywi, na alikuja kuposa kwa adabu zake zote, na suti juu, katika joto la Texas la mwezi wa Agosti. Maalim akakataa. Sababu hakuitoa, na angeitoa wapi? Kitabuni hamna sababu inayoitwa Ukongo. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha watu miaka na miaka kwamba baba anayemzuilia binti yake mume mwema bila hoja, uwalii, ile haki ya kumwoza, humtoka ukaenda kwa mwingine. Salha alikulia kwenye madarasa hayo, na masikio alikuwa nayo. Akaenda Houston. Imamu wa huko akampigia Maalim simu, akapiga tena, akapiga tena. Maalim akawa anaitazama inavyolia. Mwishowe imamu akafungisha ndoa.

"Ile si ndoa," Maalim aliamua. "Walii ni mimi, nami sikuwapo."

Neno likafungwa hapo hapo. Msema pweke hashindwi.

Lakini mwezi uliopita Salha alijifungua mtoto wa kiume. Picha yake ilikuwa kwenye simu ya Bi Saumu, naye aliitazama chooni, kule anakofanya kazi ya kuwalea wazee, kama msichana anayeficha barua ya mpenzi. Uso mdogo uliokunjamana, na nywele nyingi ajabu. Mikono ilimuwasha kwa hamu ya kumpakata. Angeweza kumwomba mtu amfikishe Houston kimyakimya, lakini hakutaka kwenda kumwona mjukuu wake kama mwizi wa kuku. Alitaka aende na babu yake mtoto, wapige hodi mlangoni, wakaribishwe.

Shida ni kwamba Maalim alijibu maswali ya ulimwengu wote isipokuwa ya mkewe. Mtu wa Arlington akiuliza kama mbuzi aliyekatika mkia anafaa, Maalim huacha sahani ya pilau ikapoa. Bi Saumu akiuliza lini watamwona Salha, hujibiwa, "Nimeshasema." Mganga hajigangi.

Ndipo Bi Saumu alipomwendea Clothilde.

Clothilde alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mjane wa kutoka Bukavu, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili. Kila Idi Maalim humpelekea mfuko wa nyama kwa mkono wake mwenyewe, maana jirani ana haki yake hata akiwa wa dini nyingine. Bi Saumu alimpikia chai ya maziwa, akamweleza, akamfundisha swali mpaka akaliweza. Lilikuwa swali la ujanja: alijua mumewe akishatamka hukumu mbele ya mtu, hawezi kuimeza.

Jumamosi ile Maalim alikuwa uani anakata nyasi, kitu pekee alichoruhusiwa kukata wiki hiyo. Clothilde akajongea kwenye uzio.

"Maalim, jambo. Niko na swali ya dini."

"Dini yenu au yetu?"

"Yenu. Ya kwetu naulizaka padiri."

Maalim akazima mashine kwa furaha isiyofichika.

"Kwetu ku kazi kuko mubaba moja, Muislamu sawa weye," alisema Clothilde. "Binti yake alienda kwa bwana, baba hakupenda. Alors, sasa fête yenu inafika, na mubaba anachinja mbuzi ya nyumba yake. Ile mbuzi ni ya binti pia, ao hapana?"

Bi Saumu alikuwa kwenye dirisha la jikoni, anasugua sufuria iliyokwisha takata.

"Swali zuri sana," alisema Maalim. "Mbuzi mmoja humtosha mtu na watu wa nyumba yake. Sasa tuulize kwanza: huyo binti ni wa nyumba ya nani? Ameolewa au hajaolewa?"

Hilo Clothilde hakufundishwa. Aliangalia dirishani, akaona sufuria tu.

"Njo nakuuliza weye," alisema.

"Ni hivi. Kama ameolewa, amehama. Ni wa nyumba ya mumewe, na mbuzi wake ni wa mumewe. Baba atampelekea fungu la nyama kama anavyowapelekea jamaa wengine, basi. Kama hajaolewa, bado yuko mikononi mwa baba. Chakula chake, malazi yake, na mbuzi pia ni wake."

"Baba anasemaka hakuolewa."

"Basi na amfuate amrudishe nyumbani!"

"Hamufuate. Amemwacha kule kwa ule bwana. Ni mwaka ya mbili."

Maalim akacheka kicheko cha mtu aliyekamata mwizi wa hoja. "Clothilde, mwambie huyo mtu achague moja. Hawezi kusema mwanangu hajaolewa, kisha akamwacha kwa mwanamume na yeye akajilalia usingizi. Na kama moyoni anajua ameolewa, basi anamsingizia mwanawe zinaa, na hilo kwa Mungu ni zito kuliko mbuzi chongo mia. Huyo ama ni mwongo, ama ni mpumbavu."

"Muongo ao mupumbafu," Clothilde alirudia taratibu, kama anayepewa salamu za kufikisha. "Nitamwambia, vraiment."

Lakini hakuondoka. Alimtazama Maalim kuanzia nywele, akashuka kwenye ndevu, akafika kwenye kucha.

"Maalim, ule bwana ya binti njo Mukongo. Mimi pia niko Mukongo. Kila mwaka unaniletea nyama, unaniambia jirani ni ndugu. Nakulaka ile nyama na roho safi. Ni ivyo tu."

Akaenda zake.

Maalim akawasha mashine, akarudia kukata kipande kile kile alichokwisha kukata. Alipoingia ndani alitawadha, akasali, akala, asiseme neno. Kesho yake hakusema. Keshokutwa hakusema. Bi Saumu akaanza kujuta kwa dhati, akijiambia kwamba mlango uliokuwa umefungwa yeye sasa ameupigilia na misumari.

Siku ya Idi ilipofika, baada ya sala walikwenda shamba moja kusini ya Fort Worth ambako mtu hujichagulia mnyama na kuchinja mwenyewe. Maalim akaingia zizini. Huyu anachechemea. Yule jicho lina utando. Wa tatu amekonda, na wa nne alimfunua mdomo akamtazama meno moja moja huku mbuzi akimtazama yeye kwa mshangao. Mwenye shamba, mzungu mwenye kofia pana, alimwuliza Bi Saumu kwa upole kama mumewe ananunua au anaposa. Bi Saumu alitabasamu kwa adabu, lakini rohoni alichomwa. Parfait hakukaguliwa hata robo ya hivi. Angekaguliwa, kasoro isingeonekana.

Mbuzi alipatikana. Maalim akamlaza, akamwelekeza kibla, kisu akiwa amekificha mgongoni, maana mnyama hatishwi kwa kuonyeshwa kisu. Bi Saumu akasogea karibu asikie. Mwaka jana Maalim alikuwa amesema "kwa niaba yangu na watu wa nyumba yangu", hakutaja mtu, na Bi Saumu aliishi mwaka mzima kwa maneno yale. Alijiambia labda Salha yumo. Nyumba ni pana.

"Ewe Mola," alisema Maalim, "huyu ni kwa niaba yangu, na Saumu, na Twalib."

Akakitoa kisu mgongoni.

"Hao tu," alisema. Akapiga bismillahi, akachinja.

Njia nzima ya kurudi Bi Saumu alilia, uso ameugeuzia dirishani, malori yakiwapita moja baada ya jingine. Maalim hakumwuliza analilia nini. Aliendesha gari kwa mikono miwili, kucha zake ndefu zimeushika usukani, kana kwamba yeye ndiye anayeendeshwa.

Nyumbani walitandaza karatasi mezani, wakagawa mafungu matatu kama kawaida: la kwao, la maskini, la jamaa na majirani. Nyama ya Clothilde ikatiwa mfukoni kwanza. Halafu Maalim akachukua guu zima la nyuma, lile bora, akalifunga vizuri, akaliweka kando.

"Hili la jamaa."

Hapo Bi Saumu alishindwa. "Jamaa gani, Baba Twalib? Tuna jamaa gani sisi Texas nzima? Umemtoa mwanangu kwenye mbuzi mbele ya macho yangu, sasa unanitafutia jamaa!"

"Nimemtoa kwa sababu hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Nyumbani mwangu." Maalim alikuwa anajifuta mikono kwa bidii kubwa, hamtazami. "Mwanamke aliyeolewa ni wa nyumba ya mumewe, Saumu. Jambo hili hata Clothilde analijua."

Bi Saumu alibaki na kisu mkononi.

"Aliyeolewa?"

"Si ndivyo nilivyosema?"

Watu wengine wakikosa husema nisameheni. Maalim Abud hutoa fatwa, kisha huitii kama imetolewa na mtu mwingine. Bi Saumu, aliyemjua tangu ujana wao, aliona afadhali asiulize zaidi.

"Nipe namba ya mwenye nyumba," alisema Maalim.

Simu ikawekwa mezani kati ya mafungu ya nyama, sauti imefunguliwa.

"Allô?"

"Assalaam alaykum. Umechinja?"

"Ni nani mwenzangu?"

"Abud. Umechinja, au hujachinja?"

Kitu kilisikika kikianguka upande ule. "Baba! Alaykum salaam, Baba. Bado. Mbuzi niko naye hapa, yuko garaji tangu jana, anakula viatu. Dua nimejifunza. Lakini kisu sijashika hata siku moja, naogopa nitakosea."

"Usimguse. Masiku ya kuchinja hayajaisha. Nakuja leo. Nitakushikia, lakini mwenye kuchinja ni wewe, maana mwenye nyumba ni wewe. Na watu wako uwataje kwa majina. Ni nani na nani?"

"Ni mimi, Baba. Na Salha." Parfait alishusha sauti. "Na mtoto."

Maalim aliinua macho akamtazama mkewe. Bi Saumu hakuinamisha kichwa.

"Mtoto," alisema Maalim.

"Wa kiume, Baba. Tangu mwezi uliopita."

"Akika mmemchinjia?"

"Bado."

"Nywele? Nywele mmemnyoa?"

Simu ilichukuliwa. Sauti iliyotoka sasa ilikuwa ya Salha, naye alikuwa akijizuia asilie. "Bado, Baba. Zimemfika masikioni. Nilisema wembe wa kwanza atampitishia babu yake. Nikawa nangoja."

Maalim alipeleka mkono kichwani, akazishika zake zilizofika masikioni. Machozi yalimtoka na kupotelea kwenye zile ndevu za shaghalabaghala, wala hakuyafuta.

"Mtoto wa kiume akika yake mbuzi wawili," alisema kwa ukali usiomtisha mtu. "Na huyo mla viatu ni wa tatu. Nyinyi vijana hesabu hamjui kabisa."

Bi Saumu hakusubiri wamalize kuagana. Alipanga nyama na barafu kwenye sanduku, akavaa buibui lake jipya, akapitisha mfuko kwa Clothilde, ambaye aliupokea mlangoni na kuuliza tu kama yule mubaba wa kazini amechagua. "Amechagua," alijibu Bi Saumu, wakakumbatiana.

Aliporudi alimkuta mumewe anatoka chooni. Kucha alikuwa amekata, zote, safi. Ile mashine yake ya kunyolea, aliyoiandaa tangu asubuhi kwa ajili ya saa hii, alikuwa ameizungushia taulo na kuitia mfukoni. Kichwa kilikuwa vilevile, msitu mtupu.

"Baba Salha," alisema Bi Saumu, na jina halikukataliwa. "Si umeshachinja? Mbona hunyoi?"

"Kuna aliyengoja zaidi yangu," alisema Maalim, akatafuta funguo za gari. "Aanze yeye."